Nani Kaleta Theluji Sengerema?

Bahasha ya kaki imelala mezani kwangu wiki mbili. Ndani yake mna mashairi ya vijana wenzetu, wengi wa hapahapa Sengerema mjini, wengine wa Nyehunge, mmoja wa Kamanga. Mada waliyopewa ni moja: Mungu. Mhariri kaniambia nichague matano ya kuchapa na niseme kwa nini yaliyobaki yamebaki. Basi ndugu msomaji, kama shairi lako limo humo, kaa vizuri.

Nianze na kibaya, maana kizuri nitakisema kwa kirefu. Katika mashairi matatu kuna theluji. Katika la kwanza dhambi ikifutwa inakuwa theluji. Katika la pili mavazi ya malaika ni theluji tupu. Katika la tatu mtunzi anaomba moyo wake usafishwe mpaka theluji ione haya. Jamani, nani kaleta theluji Sengerema? Ile iliyo karibu nasi iko juu ya Kibo, na hata hiyo inapungua mwaka hadi mwaka. Hapa kwetu kitu pekee kinachofanana nayo ni barafu inayokwanguliwa kwenye friza la sangara, na hiyo inanuka samaki.

Mtunzi mmoja nilimkuta kijiweni, nikamwuliza. Akanijibu bila wasiwasi: "Lakini iko kwenye Biblia, kaka." Kweli, iko. Nilitoka pale nimenyamaza, maana jibu lake lilinionyesha kwamba siwezi kuyahakiki mashairi haya bila kuhakiki kwanza namna tunavyoisoma Biblia yenyewe. Naomba nieleweke. Mimi ni Mkristo, na sisemi Biblia ni kitabu cha hadithi kama vingine. Ninachosema ni kwamba waliomsema Mungu humo walikuwa watu wenye macho, wenye miguu ya vumbi na kazi za mikono, na kila mmoja aliokota taswira kwenye mambo aliyoyaona na kuyajua. Sisi hatuokoti. Tunazichukua zikiwa zimeshatengenezwa, kama mitumba, tunavaa hivyohivyo hata mikono ikizidi urefu.

Tazama Isaya 1:18, hapohapo inapotoka theluji yetu. Nabii anataja theluji, halafu papo hapo anataja sufu. Theluji tunaikumbuka, sufu tunaisahau. Mtu wa Yuda aliijua theluji kwa kuisikia au kuiona kwa nadra, na iliyokaa muda mrefu ilikuwa kaskazini huko, juu ya Hermoni na Lebanoni. Sufu alikuwa nayo nyumbani, mgongoni mwa kondoo wake. Isaya hakuridhika na weupe wa mbali, akauleta mpaka zizini. Kama ni hivyo, kijana wa Usukumani anatakiwa aseme nini? Mimi nadhani pamba.

Lakini usikimbilie kufuta theluji na kuandika pamba kana kwamba ni tafsiri. Pamba ina mambo yake. Pamba ni kuinama kutwa nzima, ni mizani, ni deni la mbegu na dawa. Na ni ile tunayomwekea marehemu puani. Mtunzi akisema dhambi zake zimekuwa kama pamba, na kaburi limeingia humo, apende asipende. Je, ni hasara? Kwangu ni faida kubwa. Paulo katika Warumi 6 anaueleza ubatizo kuwa ni kuzikwa. Kutakaswa na kufa, kwa Mkristo, ni mambo mawili yanayokaa chumba kimoja. Theluji haifiki huko. Pamba inafika, na inafika kwa miguu.

Tuje kwa mchungaji, maana huyu yumo katika zaidi ya nusu ya bahasha. Neno hili limechoka. Siku hizi ukilitamka mjini, kijana anaona suti, kipaza sauti na gari lenye vioo vyeusi. Au anaona ile picha ya kwenye kalenda: Yesu mwenye nywele za dhahabu, kondoo mabegani, majani yamekatwa sawasawa kama kiwanja cha mpira. Mashairi yetu yamechungulia kalenda. Hakuna hata moja lililotoka nje kwenda kuona nani anachunga.

Toka basi, uende Katunguru au kokote kule. Anayechunga ni mtoto wa miaka tisa. Kaptula imepasuka, fimbo ni ndefu kuliko yeye, mvua ikinyesha ni yake. Ng'ombe wakiingia shamba la mtu, anayechapwa ni yeye. Na ukisoma 1 Samweli 16 utaona hali haikuwa mbali sana na hii: Samweli anafika kwa Yese kutafuta mfalme, watoto wote wanapitishwa mbele yake, na aliyesahauliwa ni mdogo wao, yuko na kondoo. Hakuna aliyemwita. Sasa Zaburi ya 23, ambayo mapokeo yanasema ni ya Daudi huyohuyo, inamchukua Mungu na kumpa kazi ya yule mtoto. Hilo ni jambo la kushtua. Sisi tumelizoea hadi tunaliimba harusini.

Halafu kuna tofauti moja ambayo mshairi wa Kisukuma angeiona mara moja kama angetazama. Sisi tunaswaga. Ng'ombe wako mbele, mchungaji nyuma na fimbo. Katika Yohana 10 mchungaji anatangulia na kondoo wanamfuata kwa kuwa wanaijua sauti yake. Mchungaji wa Yohana haswagi! Mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, akilisikia hilo kwa mara ya kwanza, lazima asimame aulize: huyu anayeenda mbele bila kugeuka, anajuaje kwamba wanamfuata? Ndani ya swali hilo kuna shairi zima, na katika bahasha halimo.

Mmoja alijaribu jambo jipya, nampongeza. Kamwita Mungu karabai. Nilifurahi, maana hiyo ni nuru ya kwetu, nuru ya wavuvi wa dagaa usiku wa giza, ingawa siku hizi wengi wamehamia taa za sola. Kisha nikacheka. Karabai ni neema kwa mvuvi. Kwa dagaa je? Dagaa anaifuata nuru kwa moyo wake wote, na chini ya nuru ndiko uliko wavu. Mtunzi hakuliwaza hilo, beti zake zinaendelea kufurahia mwanga kana kwamba hakuna anayevuliwa. Angeliwaza, angegundua ameshika kitu cha moto: Yesu mwenyewe aliwaambia wale wavuvi wa Galilaya kwamba atawafanya wavuvi wa watu, na samaki hajapata kuhojiwa maoni yake kuhusu uvuvi. Shairi hili nimelirudisha na maelezo. Aliandike upya, safari hii akiwa ndani ya maji.

Nisijifanye mjuzi. Kosa hili la kuokota taswira bila kutazama nililifanya mimi, tena mahali pabaya. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa kinakaribia kabisa gati. Walikufa watu zaidi ya 220. Wazee wetu walikuwa bado hawajamaliza kuisimulia MV Bukoba ya Mei 21, 1996, iliyochukua mamia, na hii ikaja. Nikaandika shairi. Nikalisoma kwenye ibada ya maombolezo. Lilikuwa linamsifu yule aliyeikemea dhoruba ikatulia, kama ilivyo katika Marko 4. Vina vimekaa, mizani imetimia. Baada ya ibada mama mmoja aliyefiwa alinishika mkono, nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Kisha akasema: "Lakini siku ile hakukuwa na dhoruba, mwanangu."

Hakunilaumu, aliniambia ukweli tu. Mimi nilikuwa na taswira yangu ya Mungu anayetuliza dhoruba, nikaibandika juu ya msiba ambao haukuwa na dhoruba, na kwa kufanya hivyo nikawaficha wafiwa. Nikirudi nyumbani nikaisoma Marko 4 upya, nikaona kitu nilichokuwa nakiruka kila siku. Kabla ya kuikemea dhoruba, Yesu amelala. Yuko nyuma ya mashua, kichwa chake juu ya mto, na wenzake wanamwuliza kwa ukali kama hajali kwamba wanaangamia. Hii nayo ni taswira ya Mungu, na haiko peke yake. Zaburi ya 44 inamwambia Mungu aamke, inamwuliza kwa nini analala. Zaburi ya 78 inathubutu kusema aliamka kama mtu wa vita aliyekuwa amelewa divai. Na Zaburi ya 121 inasema hasinzii wala halali! Zote zimo katika kitabu kimoja, na hakuna mhariri aliyeziita ofisini kuzipatanisha. Ipo hata Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila beti la shukrani la kutufuta machozi. Laiti ningeisoma hiyo siku ile.

Toka hapo nimeanza kutazama bahari ya Biblia kwa jicho jingine. Ufunuo 21 unasema katika dunia mpya bahari haitakuwepo tena. Zamani nilipolisoma hilo nikiwa mtoto wa pwani ya ziwa nilisikitika sana. Mbinguni hakuna ziwa? Tutakula nini? Lakini Yohana aliyeandika alikuwa kisiwani Patmo, na kwake maji yalikuwa ukuta wa gereza. Kwetu ziwa ni shamba, ni barabara, ni mahali pa kuogea. Kwa yule mama, ni kama kwa Yohana. Maji ni yaleyale, wanaoyatazama wamesimama pande mbili.

Sasa nataka twende Bujora, maana hoja ya kuokota taswira za kwetu haikuanza na kizazi chetu. Ukivuka kuingia Mwanza na kuchukua barabara ya Musoma, unafika Kisesa, na hapo juu kidogo ndipo Bujora. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyeanzisha pale makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa mwaka 1968. Lakini mimi kilichonipeleka ni kanisa. Limejengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na humo alama za utemi zimetumika kumsema Kristo. Nje yake, kila mwaka msimu wa sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo, na Bagika na Bagalu wanashindana kucheza kama walivyoshindana babu zao. Bulabo kwa Kisukuma ni maua, yale yanayotupwa njiani Ekaristi ikipita.

Niseme wazi kwamba napaheshimu Bujora kuliko makanisa mengi yenye minara mirefu. Kuna mtu aliuliza swali sahihi: Mungu akija Usukumani, atakaa nyumba ya nani? Jibu lake likawa ya mtemi. Ila naomba niulize swali la pili, la kijana. Utemi ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963. Makumbusho yalifunguliwa miaka mitano baadaye. Yaani makumbusho yalipofunguliwa, kiti cha mtemi kilikuwa tayari ni kitu cha kufutwa vumbi na mhudumu wa makumbusho. Babu yangu aliyepata kumpigia mtemi magoti alilielewa kanisa lile kwa mwili wake. Mimi nalielewa kwa maelezo ya mtu anayetembeza wageni. Taswira ikihitaji maelezo ya kutembezwa, imeanza kuwa kama theluji, hata kama imezaliwa hapahapa Kisesa.

Kwa hiyo kusema "tutumie taswira za Kiafrika" hakutoshi. Taswira zinakufa, tena zinakufa mikononi mwetu. Nimekua nikimsikia katekista mmoja akihubiri kwamba Yesu ni kivuko. Kila aliyewahi kusubiri Busisi alimwelewa: foleni, jua, wauza mahindi ya kuchoma, mgonjwa ndani ya gari, na kivuko unakiona kabisa kiko upande wa Kigongo, hakiji. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, urefu wake kilomita 3 hivi, na sasa unapita hata kabla hujamaliza wimbo mmoja wa redio. Nilimpitia yule mzee. "Shikamoo, mzee. Sasa yale mahubiri ya kivuko utayafanyaje?" Akaitika marahaba, akafikiri kidogo. "Nitasema Yesu ni daraja, sina njia nyingine. Lakini darajani hakuna kusubiri, kijana wangu, na kule kusubiri ndiko kulikokuwa mahubiri."

Huyu mzee hajasoma nadharia yoyote ya fasihi. Lakini anajua kwamba sitiari si jina la pili la kitu. Ukibadilisha kivuko kuwa daraja, umembadilisha na Mungu unayemsema.

Sasa nije kwenye shairi lililonifanya niandike makala hii yote. Limeandikwa na binti mmoja wa kundi letu. Mungu, katika shairi hilo, ni mama anayeanika dagaa. Amewapokea alfajiri kutoka mtumbwini, amewamwaga juu ya mwamba, anawageuza mmojammoja kwa kiganja, na macho yake yako juu kwa sababu wingu limetokea upande wa Ukerewe. Mliokulia mwaloni mnajua. Mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka, kazi ya usiku mzima inaoza, na kinachookolewa kinaenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mama yule ana turubai moja, na dagaa wamejaa mwamba mzima. Anakimbia huku na huku. Beti la tano linamwacha akiwa amelala kifudifudi juu ya wale asioweza kuwafunika.

Shairi lilipangwa lisomwe kanisani siku ya vijana. Wazee wakalizuia. Kanisa sitalitaja, na wazee wale ni wazee wangu. Walitoa sababu mbili: kwanza Mungu si mwanamke, pili Mungu haogopi mvua.

Sababu ya kwanza hainipi shida. Katika Isaya 42 Mungu analia kama mwanamke mwenye utungu wa kuzaa. Katika Isaya 66 anafariji kama mama. Kumbukumbu la Torati 32 inamwita mwamba, na papo hapo inasema mwamba huo ulizaa, taswira mbili zimegongana na mtunzi hakuomba radhi. (Sisi watu wa Mwanza tunaoishi juu ya miamba na katikati ya miamba, hatujaandika hata shairi moja lenye mwamba unaozaa.) Katika Luka 15 kuna mchungaji aliyepotewa na kondoo, kuna baba aliyepotewa na mwana, na katikati yao kuna mwanamke aliyepotewa na shilingi, kawasha taa, kashika ufagio. Wahubiri wanamrukaruka huyu wa katikati. Na lugha yetu yenyewe inatusaidia. Kiswahili kinasema "yeye", basi. Hakimlazimishi Mungu kuchagua upande kila anapotajwa, kama zilivyo lugha nyingine. Tena angalia sarufi inavyoweza kuwa teolojia: neno, kwa kawaida, ni la LI-YA. Neno hili, neno lile. Lakini waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyochapwa mwaka 1952, walipofika Yohana 1 walilipa Neno upatanisho wa mtu. Kwa kiambishi kimoja kidogo, A, kitu kimekuwa mtu. Mwalimu wa sarufi angeweka alama ya mkasi, na Mkristo anapiga magoti.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na wazee wasidharauliwe. Mungu kuogopa mvua? Mungu mwenye turubai moja? Hapa mtu anaweza kusema shairi limempunguza Mungu mpaka akatosha mwaloni. Nimelifikiria hilo siku nyingi. Nikaenda kwa Hosea. Katika Hosea 11 moyo wa Mungu unageuka ndani yake, anashindwa kuwaachilia watu aliosema atawaachilia. Katika Hosea 13 ni simba, ni chui, ni dubu aliyenyang'anywa watoto. Na katika Hosea 5 Mungu anajiita nondo. Nondo! Yule mdudu wa kwenye sanduku la nguo. Hosea angekuwa mkulima wa Tabora wakati dumuzi wameingia kwenye maghala ya mahindi, nina hakika asingesita, angesema Mungu ni dumuzi, na wazee wangemtoa nje kabla hajakaa.

Kwa nini Maandiko yanathubutu hivyo? Jibu lililonitosheleza nimelipata kwa Thoma wa Akwino, mtawa wa karne ya 13, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa uhuni. Mwanzoni kabisa mwa Summa yake anauliza kama inafaa Maandiko yatumie mafumbo ya vitu vya mwili. Anajibu kwamba inafaa, na anaongeza kuwa ni heri Mungu afananishwe na vitu duni kuliko vitu vitukufu. Kisa? Ukimfananisha Mungu na dhahabu, na nuru, na mfalme, msikilizaji anaweza kusahau kwamba ni mfano. Ukimfananisha na kitu duni, hakuna atakayesahau. Taswira tukufu ndizo zenye hatari ya kugeuka sanamu.

Mtu atasema basi amri ya pili inakataza sanamu, tuache taswira zote. Hapana. Kumbukumbu la Torati 4 inawakumbusha Waisraeli kwamba siku ile ya Horebu hawakuona umbo lolote, walisikia sauti. Lakini kitabu hichohicho hakiishi kusema moto, mwamba, tai juu ya makinda yake. Tofauti ni kwamba sanamu ya mti inasimama palepale, na taswira ya maneno inasukumwa na inayofuata. Ezekieli ndiye bingwa. Soma sura yake ya kwanza, uhesabu kila mahali anaposema kama, mfano wa, kuonekana kama. Kila anapokaribia kusema kitu anarudi hatua nyuma, kama mtu anayekanyaga mawe ya moto, mpaka mwisho wa sura hajasema ameona nini, na wewe umeshatetemeka. Au Ufunuo 5: Yohana anaambiwa kwamba simba wa Yuda ameshinda. Anageuka amtazame simba. Anaona mwana-kondoo, tena kama aliyechinjwa. Simba hakanushwi, wala hatumwoni tena katika sura ile. Kama unataka kujifunza kuandika, uache semina zote, ukae na sura hiyo moja.

Kwa hiyo mama wa dagaa anaweza kumsema Mungu, kwa sharti asiachwe peke yake mwambani. Na hapa ndipo ninapokosana na mtunzi mwenyewe. Kosa la shairi lake wazee hawakuligusa. Liko beti la sita. Baada ya kumlaza mama yule kifudifudi juu ya dagaa, mvua ikiwa imeanza, binti amesimama mbele yetu na kutufafanulia: huyu mama ni Mungu, dagaa ni sisi, mvua ni majaribu, turubai ni neema. Kila kitu kimepewa kibandiko kama bidhaa za dukani. Beti tano zilizopumua zimepigwa pini. Aliogopa tusingeelewa, au aliogopa wazee. Kama ni wazee, beti hilo halikumsaidia, maana walilizuia vilevile.

Nilimwambia hivyo mbele ya kundi, pengine kwa ukali kuliko ilivyostahili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Nikilitoa, si watasema ni shairi la dagaa tu?" Nikamwambia watakaosema hivyo watakuwepo. Na mfano wa yule mwanamke wa Luka na shilingi yake unaweza kusomwa kama habari ya kufagia nyumba. Akasema hilo ni tofauti, kwa sababu aliyesimulia ni Yesu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri.

Tumefanya hivi. Beti la sita limetoka, kwa ridhaa yake, na shairi linakwenda la kwanza katika yale matano. Badala ya lile beti ameandika mstari mmoja tu, mama akiwa bado amelala pale, anahesabu kwa sauti. Hasemi anahesabu nini. Nimeomba nakala apelekewe kila mzee aliyekuwa kwenye kikao kile, na mwandishi mwenyewe ndiye atakayezipeleka, amesema ataanza na mzee aliyekuwa mkali kuliko wote kwa sababu mke wake ana chanja kubwa la dagaa Kamanga.

Yale matatu ya theluji nimeyarudisha kwa wenyewe. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimeandika neno moja na alama ya kuuliza: pamba?